Kivumishi katika Lugha za Kubuni, pamoja na Mifano kutoka Soko la Ruaha Mbuyuni

1. Swali lenyewe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, akisha kuipita Mikumi na bonde lenye mibuyu mingi, hufika mahali ambapo barabara kuu inakutana na Mto Ruaha Mkuu, kabla ya kuanza kuupanda mlima wa Kitonga. Mahali hapo ni Ruaha Mbuyuni. Wengi hupakumbuka kwa ajili ya vitunguu vyake. Mwanaisimu naye anayo sababu ya kupakumbuka, nayo ni jina lenyewe. Neno "Ruaha" ni jina la mto. "Mbuyuni" ni nomino "mbuyu" iliyotiwa kiambishi tamati cha mahali. Yakiwekwa pamoja, neno la pili lamwambia msikilizaji ni Ruaha ipi inayosemwa, maana mto huo ni mrefu na makazi ya kando yake ni mengi. Basi neno "Mbuyuni" linavumisha. Je, ni kivumishi?

Mwanafunzi wa shule, aliyefundishwa kwamba kivumishi ni neno linaloeleza zaidi habari za nomino, hana budi kujibu kwamba ndivyo. Lakini mwalimu wake hatakubali, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa mwalimu hataweza kumwonyesha mwanafunzi mahali alipokosea. Mwanafunzi ameifuata kanuni kama alivyopewa. Kilicho na kasoro ni kanuni yenyewe.

Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba katika kanuni hiyo mambo mawili yamechanganywa: kazi ya kuvumisha, na aina ya neno iitwayo kivumishi. Ili kuyatenganisha, nitazitazama lugha za kubuni, yaani lugha zilizotungwa na mtu mmoja kwa makusudi, ambazo hazikukua zenyewe vinywani mwa watu. Msomaji anaweza kuuliza lugha za namna hiyo zina faida gani kwa mtafiti wa Kiswahili. Nami nitajibu kwa kisa kifupi. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, mmoja wa walimu wetu alitupa zoezi la kubuni lugha ndogo yenye maneno mia moja. Nilidhani ni mchezo, nikaimaliza yangu kwa jioni mbili. Mwalimu aliisoma, akaweka kidole kwenye neno nililolitafsiri kuwa "kubwa", akauliza, "Hili ni kivumishi, au ni kitenzi, au ni nomino?" Nilimjibu kwamba maana yake ni "kubwa". Akasema, "Maana nimeiona. Nauliza neno." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezungumza Kiswahili tangu utotoni bila kupata kujiuliza kivumishi hujulikana kwa nini.

2. Maneno ya sokoni

Kabla ya kwenda mbali, na tuanze na yaliyo karibu. Mnunuzi afikapo penye magunia kando ya barabara pale Ruaha Mbuyuni, atasikia bidhaa ikielezwa kwa njia zisizopungua nne:

(a) kitunguu kikubwa, vitunguu vikubwa, gunia kubwa, mzigo mkubwa;
(b) vitunguu safi, gunia imara, bei rahisi;
(c) vitunguu vilivyokauka, vitunguu vinavyooza;
(d) vitunguu vya Mang'ola, vitunguu vya mbegu, vitunguu vya jana.

Maneno yote haya yanafanya kazi moja, kumpambanulia mnunuzi kitu kimoja na kingine. Lakini kwa umbo hayafanani hata kidogo. Katika (a) neno hubeba kiambishi cha ngeli ya nomino. Katika (b) neno halibadiliki. Mengi ya kundi hili yalitoka Kiarabu na lugha nyingine za ng'ambo ya bahari, yakaingia bila kuvaa viambishi vyetu. Katika (c) tunacho kitenzi chenye kirejeshi. Katika (d) tunayo nomino au neno la wakati lililounganishwa kwa "-a"; na Mang'ola ni jina la mahali karibu na Ziwa Eyasi ambalo limekuwa jina la aina ya kitunguu.

Ili kujua ni lipi kati ya hayo listahililo kuitwa kivumishi kwa aina yake, yafaa tuliulize kila neno maswali matatu. Kwanza, likiwa kiarifu cha sentensi, lahitaji "ni", au lajitegemea kama kitenzi? Pili, hubeba alama za nomino, au za kitenzi, au zake lenyewe? Tatu, laweza kupimwa kwa "sana" na "kuliko"?

Neno "-kubwa" lahitaji "ni": twasema "kitunguu ni kikubwa", wala hatuwezi kusema "kinakubwa". Alama zake ni za nomino. Tena hupimika: "kikubwa sana". Neno "-oza" halihitaji "ni". Twasema "kimeoza", na alama zake ni za kitenzi, ijapokuwa nalo hupimika, kwani mtu aweza kusema kimeoza sana, au kimeoza kuliko kile. "Cha Mang'ola" lahitaji "ni", lakini halipimiki. Hakuna asemaye "kitunguu hiki ni cha Mang'ola sana", ila kwa mzaha. Twaona basi kwamba hakuna swali moja litoshalo peke yake. Aina ya neno hujulikana kwa majibu yote yakichukuliwa pamoja.

Liko jambo jingine katika fungu la (a) ambalo mara nyingi hupitwa bila kuangaliwa. Ikiwa "-kubwa" lina viambishi vilevile vya nomino, linatofautianaje na nomino? Twasema "mgonjwa amefika", na neno hilo hapo ni nomino. Twasema pia "mtu mgonjwa", "jani gonjwa", na hapo si nomino. Tofauti ni hii: nomino ina ngeli yake, kivumishi huazima ngeli. "Kitunguu" ni cha ngeli ya ki-/vi- hata kikiwa peke yake kamusini. "-kubwa" halina ngeli mpaka lipate nomino ya kuliazima. Ndiyo maana katika kamusi zetu neno hilo huandikwa na kistari mbele yake, na kistari hicho, kwa maoni yangu, chaieleza hali ya kivumishi cha Kibantu vizuri kuliko fasili nyingi zilizomo vitabuni.

Wala tofauti ya (a) na (c) si ya umbo tu. Kitunguu kikisha kung'olewa hakina budi kukaushwa kabla ya kutiwa ghalani, kwa sababu chenye shingo mbichi huoza upesi na kukiharibu kilicho jirani. Kwa hiyo mnunuzi wa jumla huuliza, "Vimekauka?" Haulizi, "Ni vikavu?" Swali la kwanza ni la tukio: je, kazi ya kukausha ilifanyika, ikaisha? Swali la pili ni la hali tu, na kitunguu chaweza kuonekana kikavu kwa nje kwa jua la mchana mmoja. Lugha yetu imempa mnunuzi njia mbili, na yeye anajua ni ipi itakayoziokoa fedha zake.

3. Njia ya kwanza: kivumishi chenye alama yake

Mtu abuniye lugha hukutana na mambo haya yote mara moja, lakini yeye hana mazoea ya wazee wa kumwamulia. Imempasa aamue mwenyewe. Ndipo lugha za kubuni zinapokuwa kama meza ya fundi: juu yake twaweza kukiona kila kipande kikiwa kimetengwa na kingine.

Johann Martin Schleyer, kasisi wa Ujerumani aliyeitoa Volapük kati ya mwaka 1879 na 1880, alianza na nomino. Katika lugha yake "gud" ni wema. Ukiongeza "-ik" wapata "gudik", yaani -ema. Kwake yeye sifa kwanza ni kitu, kisha hufanywa kivumishi. Ludwik Zamenhof, aliyekitoa Kiesperanto mjini Warsaw mwaka 1887, alikwenda mbele zaidi: mzizi haufungwi, na irabu ya mwisho ndiyo itajayo aina. Kutokana na mzizi "bel-" twapata "bela", -zuri, "belo", uzuri, "bele", vizuri. Kila kivumishi huishia na "-a", bila kuacha hata kimoja.

Kiesperanto si kitu kigeni kabisa kwetu. Mkutano mkuu wa dunia wa wasemaji wake, ulioanza mwaka 1905 huko Boulogne-sur-Mer nchini Ufaransa, ulifanyika Arusha mwezi wa Agosti 2024, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Msemaji wa Kiswahili akijifunza lugha hiyo hukuta jambo moja alilolizoea: kivumishi hufuata nomino kwa upatanisho. "Bona libro" ni kitabu kizuri, na "bonaj libroj" ni vitabu vizuri. Wale walioitengeneza Kiido mwaka 1907, wakitaka kukirekebisha Kiesperanto, waliuondoa upatanisho huo kwa kuuona mzigo usio na faida. Mswahili hawezi kuafikiana nao upesi, na sababu tutaiona hapa chini.

Je, alama "-a" ilimaliza mambo? La. Linganisha "bela", -zuri, na "ligna", litokalo katika "ligno", mbao. Yote mawili yana "-a". Kwa sheria ya Zamenhof yote ni vivumishi. Hata hivyo "tre bela", yaani -zuri sana, ni usemi wa kawaida, lakini "tre ligna" ni usemi wa ajabu, kama vile kwetu ilivyo ajabu kusema "meza ya mbao sana". "Bela" lataja sifa, "ligna" lataja uhusiano. Wasemaji wa Kiesperanto waliligundua jambo hili mapema, wakabishana muda mrefu kama mzizi wenyewe una aina yake ya asili iliyojificha. Na mmoja wa walioandika sana juu ya uundaji wa maneno ya lugha hiyo alikuwa René de Saussure, ndugu yake Ferdinand de Saussure ajulikanaye na kila mwanaisimu. Mbunifu aliweka alama moja, maana ikaja na aina zake mbili.

Mambo hayo mawili, ambayo Kiesperanto kimeyaweka chini ya alama moja, Kiswahili kimeyatenga: sifa kwa kiambishi cha ngeli, uhusiano kwa "-a" unganifu. "Meza nzuri", "meza ya mbao". Kwamba irabu ni ileile "a" katika lugha zote mbili ni bahati tu, lakini ni bahati imfaayo mwalimu atafutaye mfano.

4. Njia ya pili: sifa kuwa vitenzi

Katika Klingon, lugha ambayo Marc Okrand aliitunga kwa ajili ya filamu za Marekani na kuitolea kamusi mwaka 1985, hakuna aina iitwayo kivumishi. Kuwa kubwa ni kitenzi, "tIn". Kitangulie nomino, nawe umepata sentensi: "tIn Duj", chombo ni kikubwa. Kifuate nomino, nawe umepata kirai: "Duj tIn", chombo kikubwa. Hakuna neno la "ni" lihitajiwalo, na kitenzi hicho huvaa viambishi vya nafsi kama vitenzi vingine: "jItIn", mimi ni mkubwa.

Okrand alitaka lugha yake isikike kama ya viumbe wa dunia nyingine. Lakini njia hii haina ugeni kwa mtu wa Afrika. Sisi nasi, mambo mengi ambayo Mwingereza huyasema kwa kivumishi, huyasema kwa kitenzi: amechoka, ameshiba, amenuna, kimejaa, kimevunjika, limepasuka. R. M. W. Dixon, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1977, alionyesha kwamba lugha nyingi za dunia zina vivumishi vichache vinavyohesabika, na kwamba vichache hivyo aghalabu hutaja ukubwa, rangi, umri na ubora. Sifa nyingine huachiwa vitenzi au nomino. Kiigbo cha Nijeria hutajwa kuwa na vinane tu. Kiswahili hakikuwa maskini kiasi hicho, lakini hata katika rangi tuna vitatu tu vyenye kuchukua ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote huingia kwa mlango wa "-a": ya kijani, ya manjano, ya kahawia, ya zambarau.

Tena tunalo daraja ambalo Okrand hakuliweka. Kwa kiambishi "-vu" au "-fu", kitenzi chetu huvuka na kuwa kivumishi: kauka hutoa -kavu, tulia hutoa -tulivu, nyamaa hutoa -nyamavu, sikia hutoa -sikivu, pungua hutoa -pungufu, danganya hutoa -danganyifu. Tukio limegeuzwa kuwa tabia. Aliyenyamaa leo huenda akasema kesho. Aliye mnyamavu ndivyo alivyo.

5. Njia ya tatu: neno lisilo na aina

Sonja Lang wa Kanada aliitoa Toki Pona mwaka 2001, akitaka lugha yenye maneno machache kadiri iwezekanavyo, nayo ina maneno ya msingi yapatayo mia na ishirini. Katika lugha hiyo neno "suli" ni kubwa, tena ni ukubwa, tena ni kukuza, kwa kadiri ya mahali lilipo. "Tomo suli" ni nyumba kubwa. "Tomo li suli", nyumba ni kubwa. "Ona li suli e tomo", yeye anaikuza nyumba. Neno lolote likifuata jingine hulivumisha. Hapa kazi ya kuvumisha ipo kila mahali, na aina ya kivumishi haipo popote.

Na jina letu la Ruaha Mbuyuni limejengwa kwa njia hiyohiyo: maneno mawili bega kwa bega, bila alama, la pili likilipambanua la kwanza. Hata hivyo Toki Pona ililipa bei ya wepesi wake. "Tomo jan lili" yaweza kumaanisha tu nyumba ya mtu, iliyo ndogo. Mbunifu alipotaka kusema nyumba ya mtu mdogo, ilimlazimu kuingiza neno "pi" la kuyafunga pamoja maneno ya mwisho: "tomo pi jan lili". Mswahili hahitaji neno hilo. Asema "nyumba ya mtoto ndogo", au "nyumba ya mtoto mdogo", na kiambishi cha ngeli chamaliza shauri. Hii ndiyo sababu niliyoiahidi: upatanisho, ambao watengenezaji wa Kiido waliuona mzigo, kwetu ni uzi uliofungwa kutoka kivumishi hadi nomino yake, nao haukatiki hata maneno mengine yakiingia katikati.

Mbunifu wa Kiafrika naye hayuko nje ya shauri hili. K. A. Kumi Attobrah wa Ghana alipoitoa Afrihili mwaka 1970, akikusanya maneno ya lugha nyingi za Afrika pamoja na Kiswahili, maswali haya yalikuwa mezani pake kama yalivyokuwa mezani pa Zamenhof: kila lugha aliyochota ndani yake ilikuwa imekwisha kuyajibu kwa namna yake.

6. Yatupasayo sisi

Kutokana na hayo naona mambo matatu.

La kwanza ni la darasani. Tumezoea kuwafundisha watoto vivumishi vya sifa, vya idadi, vya kumiliki, vya kuonyesha, vya kuuliza, na vingine, kana kwamba vyote ni aina moja ya neno. Hiyo ni orodha ya mambo yawezayo kuvumisha nomino. Si orodha ya vivumishi. "Kilichooza" ni kitenzi kinachovumisha. "Cha Mang'ola" ni kirai chenye nomino, nacho kinavumisha. Mtoto akiambiwa hivyo, hapotezi kitu. Tena aachiliwa na fumbo ambalo mwalimu wake mwenyewe hakuweza kulitegua.

La pili ni la kamusi. Maneno kama safi, ghali na imara hayachukui ngeli, kwa hiyo hayafanani na -kubwa. Lakini huhitaji "ni", na hupimika, kwa hiyo hayafanani na "cha Mang'ola" wala na "-oza". Yastahili kuitwa vivumishi, lakini vivumishi vya tabaka la pili, na mtunga kamusi atamsaidia msomaji akilitaja tabaka hilo waziwazi. Wala mlango huo haujafungwa: "kijani", lililokuwa likiingia kwa "-a" tu, siku hizi husikika likisimama peke yake, "nguo kijani", kama safi na imara.

La tatu ni la wanaounda istilahi, na ndilo zito kuliko yote. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la mwaka 1967, sisi wenyewe tumekuwa wabunifu wa sehemu ya lugha. Kila tutakapo neno la kitaalamu la kuvumisha, twakimbilia "-a ki-": ya kisayansi, ya kihistoria, ya kimaendeleo, ya kiuchumi. Njia hiyo ni halali, tena ni pana. Lakini ni njia ya uhusiano, nasi twaitumia hata pale tunapotaka kutaja sifa. Mbinu "ya kisayansi" ni ile ihusuyo sayansi, au ni ile iliyo makini na yenye kupimwa? Msomaji huachwa akikisia, sawa na mwanafunzi wa Kiesperanto aliyekutana na "-a" moja yenye kazi mbili. Mlango wa "-vu" na "-fu" uko wazi, wala haugharimu kitu. Ulitupa -angavu na -kamilifu, na waweza kutupa mengine. Mlango wa kitenzi nao uko wazi, kwa yale yaliyo matukio. Anayeunda istilahi na aulize kwanza kama mnunuzi wa Ruaha Mbuyuni aulizavyo: ni tabia ya kitu, ni jambo lililokipata, au ni mahali kilikotoka? Kisha achague mlango.

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa kwa maneno machache. "Mbuyuni" katika "Ruaha Mbuyuni" linavumisha, wala si kivumishi. Nami laiti ningalijua hivyo jioni ile nilipokuwa nikiibuni lugha yangu ya maneno mia moja. Ningaliliweka kistari kidogo mbele ya neno langu la "kubwa", na mwalimu wangu angalipata jibu lake.